Neno la Kufunikwa na Neno la Kufunuliwa: Juu ya Kitabu cha Jando la Wakaguru

Ndugu zetu waalimu na makasisi wa pande za Kilosa na Mikumi hutuuliza mara kwa mara swali moja kwa maneno mbalimbali: mtoto afundishwe nini juu ya mwili wake, afundishwe na nani, kwa maneno yapi, na mwalimu anyamaze wapi? Wako washikao kwamba yote yasemwe wazi darasani kama hesabu. Wako washikao kwamba yote yafungwe, na kitabu chenye neno zito kitupwe motoni. Na wako wengi, nao ndio tunaowahurumia zaidi, wasioshika hili wala lile, ila hufika penye ukurasa wa mfumo wa uzazi katika kitabu cha sayansi, wakaona haya, wakasema, "Someni wenyewe nyumbani," kengele ikalia, na somo likaisha.

Swali hili halijibiwi kwa maneno matupu. Yafaa tulipime juu ya jambo lililoandikwa, tena lililoandikwa juu ya nchi yetu hii hii. Kwa hiyo tumekichagua kitabu kimoja, tukitazame mema yake na upungufu wake, halafu tukiweke karibu na vitabu vingine ambavyo vimeondolewa mikononi mwa watoto wa shule. Huenda kwa kuvilinganisha tukaona mpaka ulipo. Maana twadhani mpaka upo, walakini si pale watu wanapoutafuta.

1. Kitabu chenyewe

Kitabu hicho chaitwa The Cool Knife, yaani Kisu Kilichopoa. Mtungaji ni Bwana T. O. Beidelman, Mmarekani, mtaalamu wa desturi za watu, nacho kilipigwa chapa huko Marekani mwaka 1997. Mtungaji alikaa kwanza Ukaguru miaka ya 1957 na 1958, wakati sehemu kubwa ya Ukaguru, pamoja na Gairo, ilipokuwa chini ya wilaya ya Kilosa. Gairo ilifanywa wilaya yake mwaka 2012; lakini Mamboya na Berega zimo Kilosa hata leo, na wazee wa huko wakisomewa kitabu hiki watajua kwamba wanasemwa wao.

Hiki si kitabu chake cha kwanza. Mwaka 1971 alitoa kitabu juu ya maisha ya Wakaguru, watu wanaohesabu ukoo kwa upande wa mama. Mwaka 1982 akatoa kingine juu ya kazi ya misheni ya Kiingereza katika nchi hiyo. Na mwaka 1986 kingine juu ya fikira zao za mema na mabaya. Kitabu cha 1997 kimejengwa juu ya hivyo vyote. Habari yake ni jando la wavulana na kuwekwa ndani kwa wasichana. Na hasa ni mafundisho yaliyotolewa huko, nyimbo na mafumbo, na maana zake.

Jina la kitabu lina fundisho ndani yake. Kwa Wakaguru, kama kwa majirani zao wengi, moto ni mfano wa hatari, ugomvi na maradhi, na ubaridi ni mfano wa amani na afya. Sisi nasi kwa Kiswahili husema shauri limepoa, au mtu hasira zimempoa. Basi kisu cha jando hukata nyama, humwaga damu, ni kitu cha moto. Kazi ya wazee ni kukipoza, ili mtoto atoke kumbini mzima wa mwili na mtulivu wa roho. Mtu asomaye jina hilo tu amekwisha kujua kwamba jando halikuwa kukata peke yake. Kukata kulikuwa ni saa moja. Kupoza kulikuwa ni kazi ya siku nyingi.

2. Tunayoyasifu

Kwanza, kitabu hiki chaonyesha kwamba jambo ambalo wengi wa waliotutangulia waliliita upuuzi na matusi lilikuwa shule. Lilikuwa na waalimu wake, na wakati wake, na utaratibu wa masomo. Wavulana walitolewa pamoja, wakapelekwa porini mbali na mama zao. Msichana alipovunja ungo aliwekwa ndani, akafundwa na wanawake. Wote wawili walifundishwa mambo ya mwili. Lakini mambo ya mwili hayakutengwa na adabu kwa wakwe, wala na haki ya mjomba, wala na deni alilo nalo mtu kwa ukoo uliomzaa. Mtoto hakuambiwa tu, "Mwili wako hufanya hivi." Aliambiwa pia, "Mwili wako u katikati ya watu."

Pili, chaeleza vizuri kazi ya fumbo. Wimbo wa kumbini hutaja vitu vya kila siku vya nyumbani na vya shambani. Mtoto mdogo apitaye njiani akiusikia, husikia habari za chombo au mnyama au mto, akaenda zake hana hasara. Aliyefundwa husikia jambo lingine. Kwa hiyo fumbo hulinda pande mbili kwa mara moja: humfunika mtoto ambaye wakati wake haujafika, na humfunulia yule ambaye wakati wake umefika. Nasi twaomba msomaji alishike neno hili, maana hukumu yetu yote itasimama juu yake: fumbo la zamani lilikuwa na kifuniko, na lilikuwa na mfunuaji. Havikuachana.

Tatu, mtungaji hapambi. Haonyeshi jando kama bustani isiyo na miiba. Mlikuwamo vitisho na mateso kwa wavulana, na wasichana walifundishwa mengi ambayo faida yake ilikuwa ya mume kuliko ya mke. Hayo yote yamo kitabuni, nasi tusiyapite tunapowasifu wazee.

3. Tunayoyakosoa

Walakini tuna maneno matatu ya kumwambia mtungaji.

La kwanza ni juu ya siri. Nyimbo na mafumbo ya jandoni yalikuwa mali ya waliofundwa. Sasa yamepigwa chapa pamoja na maelezo yake, na mtu yeyote mwenye fedha aweza kuyanunua na kuyasoma akiwa peke yake chumbani, hana mzee mbele yake, wala hakungoja wakati wake. Tusiseme kwamba mtungaji aliiba. Wakaguru wenyewe walimwambia, na bila kalamu yake mengi ya hayo yangalikwisha kuzikwa na wazee. Bwana Hans Cory alifanya vivyo hivyo katika kitabu chake cha mwaka 1956 juu ya sanamu za unyago za nchi hii. Lakini kuhifadhi neno si sawasawa na kuhifadhi fundisho. Wazaramo na majirani zao walikuwa na kisanamu cha mti kiitwacho mwana hiti, ambacho mwali alipewa akitunze kama mtoto siku za kukaa ndani. Visanamu hivyo sasa vimesimama katika nyumba za makumbusho za Ulaya na Marekani, safi kabisa, nyuma ya vioo. Mti umehifadhiwa, mwali hayupo, wala bibi aliyemwambia namna ya kumshika mtoto.

La pili ni juu ya lugha. Kitabu kimeandikwa kwa Kiingereza cha wataalamu. Mkaguru wa Mamboya, ambaye babu yake ndiye aliyesema maneno hayo, hawezi kukipata kwa wepesi, na akikipata hawezi kukihukumu. Basi siri imefunuliwa kwa wageni na kufunikwa kwa wenyewe. Huo ni mgeuzo wa ajabu wa sheria ya jando, na hatuoni kwamba mtungaji ameuzingatia inavyopasa.

La tatu ni juu ya wasichana. Mwanamume haingii nyumbani mwa mwali. Kwa hiyo habari za huko zilipita kwanza katika vinywa vya wengine kabla ya kumfikia mwandishi, na kila kinywa huacha kitu. Atakaye kujua mwali alifundwaje na amsome pia Mama Marja-Liisa Swantz, Mfini, aliyeandika juu ya Wazaramo mwaka 1970. Yeye ni mwanamke, na wanawake walimfungulia milango. Hata hivyo ni Uzaramo, si Ukaguru, wala si Usagara wala Uvidunda. Wasagara wa Kilosa na Wavidunda wa milima iliyo kusini ya Mikumi bado wanangoja mwanamke wao wa kuwaandikia kwa Kiswahili.

4. Deni letu sisi wa misheni

Sasa tujitazame wenyewe, maana si haki kumkosoa mgeni na kujisamehe.

Bwana J. T. Last wa misheni ya Mamboya alitunga sarufi ya Kikaguru iliyopigwa chapa mwaka 1886. Ilikuwa kazi njema, nasi twamshukuru. Lakini sarufi haimwambii mtu neno husemwa wapi na hunyamazwa wapi, na hilo ndilo lililowapotea wengi wa waliomfuata. Waliona ngoma, wakakataza ngoma. Walisikia nyimbo za jando, wakakataza nyimbo. Mvulana wa Kikristo alipelekwa hospitali akatahiriwa kwa usafi, jambo ambalo hatulilaumu hata kidogo. Lakini alirudi nyumbani na kidonda tu, hakurudi na fundisho. Kisu kilikuja, kupoza hakukuja.

Wako waliofanya vingine. Kule Masasi Askofu Vincent Lucas, aliyekuwa askofu tangu 1926 mpaka 1944, alijaribu kulichukua jando likiwa zima na kulitia ndani ya kanisa, pamoja na sala mahali pa dawa za kienyeji, na wazee wakiwa waalimu. Alilaumiwa na wengi. Na kwa wasichana kazi ilikuwa ngumu zaidi kuliko kwa wavulana, kwa sababu mapadre hawakuyajua mambo ya wanawake na wanawake hawakupenda kuwaambia. Hata hivyo alikuwa ameona jambo moja kwa macho makali: ukiondoa shule ya watu huna budi kuweka shule.

Katika Kilosa sababu nyingine ikaongezeka. Reli ilikuja, na mashamba ya mkonge yakafunguliwa Kimamba na kwingineko, na watu wa makabila mengi wakaja kufanya kazi, kila mtu na jando lake na unyago wake, mbali na makungwi wao. Mtoto aliyezaliwa kambini alizungukwa na wazee wengi asiwe na mzee hata mmoja wa kumfunda. Mikumi nayo ni mji wa njia kuu: magari makubwa yaendayo Iringa, Mbeya na Zambia husimama hapo usiku, madereva wakala na kulala. Mahali kama hapo mtoto huona mengi kabla hajaelezwa hata moja.

5. Kifuniko kisicho na mfunuaji

Mwalimu mmoja wa kike, afundishaye karibu na njia hiyo, alitusimulia habari ambayo hatujaisahau. Alikuwa na mwanafunzi wa darasa la sita, mtoto mwenye akili na mtii. Alipovunja ungo bibi yake alimwita, akamwambia, "Sasa umekuwa mkubwa. Usicheze na wavulana." Mtoto alitii. Aliacha kucheza mpira na wavulana wa darasa lake, hata akahama benchi asikae karibu nao. Kulikuwa na mtu mzima, mwenye gari, aliyekuwa akimpa lifti na fedha kidogo za vitabu. Mwaka haukuisha mtoto akaonekana ana mimba. Alipoulizwa kwa nini hakulishika neno la bibi, alijibu, "Bibi alisema wavulana. Yule ni baba mzima. Wala hatukucheza."

Mwalimu yule akatuambia, "Msimlaumu bibi. Mimi nami nilimwambia maneno yale yale darasani."

Hayo yalikuwa kabla ya Novemba 2021, Serikali ilipotangaza kwamba msichana aliyejifungua aweza kurudi shuleni. Kwa mtoto yule mlango ulikuwa umefungwa.

Twaomba wasomaji watazame vizuri kosa lilikuwa wapi. Bibi hakunyamaza; alisema. Tena alisema kwa adabu, kwa fumbo, kama alivyoambiwa yeye. Lakini yeye alipoambiwa, "Usicheze na wavulana," alikuwa amewekwa ndani, na somo yake alikaa naye siku nyingi akamfunulia kucheza maana yake nini na wavulana ni nani. Mjukuu alipewa kifuniko peke yake. Na kifuniko kisicho na mfunuaji si adabu, ni giza.

Mambo kama hayo yamejaa katika lugha yetu ya kanisani na shuleni. Twasema tendo la ndoa. Ni neno zuri kwa wenye ndoa. Lakini mtoto aliyeshikwa kwa nguvu na jirani akiambiwa aeleze, atasemaje? Hakuna ndoa hapo. Neno tulilompa halifiki alipoumia. Twasema tena kwamba binti ameharibiwa, au amechafuliwa. Nasi hatuoni kwamba tumemtwika yeye uchafu wa mwenzake. Kubaka ni neno kali, lakini ni neno la kweli, maana humtaja mtendaji. Twasema sehemu za siri, tukakoma hapo. Basi mtoto hujifunza kwamba lolote litendekalo huko nalo ni siri, na mtu mwovu hapendi kitu kuliko mtoto aliyefundishwa hivyo.

Watu huuliza kama maneno uke na uume ni matusi. Sivyo. Yameundwa kwa utaratibu ule ule wa utu na utoto, kutokana na -ke na -ume, na ni maneno safi ya Kiswahili. Hedhi, tohara na kubalehe tumeyapokea kutoka Kiarabu, nayo yana heshima msikitini, kanisani na hospitalini. Matusi hayakai ndani ya herufi. Neno moja likisemwa na nesi kwa mgonjwa ni dawa, likisemwa na mlevi barabarani ni tusi. Wazee wetu walilijua hili kabla yetu: maneno yaliyokuwa mwiko nyumbani yaliimbwa kumbini bila aibu, kwa sababu mahali palikuwa pake na wakati ulikuwa wake.

6. Vitabu vilivyoondolewa

Mwezi wa Februari 2023 Waziri wa Elimu, Profesa Adolf Mkenda, alitangaza kupigwa marufuku kwa vitabu 16 katika shule za Tanzania, kwa sababu vilionekana kwenda kinyume cha mila na maadili ya nchi. Miongoni mwake vilikuwamo vitabu vya kuwafundisha vijana mambo ya mwili, vilivyotungwa ng'ambo. Na pia vilikuwamo vitabu vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid vya Bwana Jeff Kinney, hadithi za kuchekesha za mtoto wa Kimarekani.

Hatusemi kwamba Serikali haina haki ya kuchagua vitabu vya shule. Hata kungwi alichagua wimbo. Wala hatusemi kwamba kila kitabu kilichoandikwa Uingereza au Marekani kwa mtoto wa huko chamfaa mtoto wa Kilosa. Kitabu cha namna hiyo mara nyingi humsemesha mtoto kana kwamba hana shangazi, wala bibi, wala ukoo, bali yeye na mwili wake peke yao. Hilo ndilo kosa lake kubwa, nalo ni kosa la kudhani kwamba kufunua pekee kwatosha.

Tunaloliuliza ni hili: kisha vitabu hivyo kuondolewa, ni nini kilichowekwa mahali pake? Orodha huondoa, haiweki. Mzazi aliyesoma tangazo lile alifurahi, akalala usingizi, akidhani mtoto wake amelindwa. Lakini simu ipo mkononi mwa kaka yake, na gari lipo njiani. Katika hesabu za taifa za afya za miaka ya 2015 na 2016, wasichana 27 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 mpaka 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba. Katika hesabu ya mwaka 2022 walikuwa 22. Hesabu imepungua, na tumshukuru Mungu. Hata hivyo hao 22 si wachache, wala hatuwezi kusema kwamba wamepotoshwa na hadithi za Bwana Kinney.

Nchi hii imekwisha kupita njia hii mara moja. Mwaka 1971 Bwana Euphrase Kezilahabi alitoa riwaya yake Rosa Mistika, habari za binti wa Ukerewe ambaye baba yake alimpiga vikali kwa sababu ya barua ya mvulana. Baba hakumfundisha jambo lolote, alimtisha tu. Binti alipotoka mikononi mwake akaanguka, akaanguka tena, mpaka akajiua. Kitabu kilikatazwa shuleni kwa sababu ya mambo ya mwili yaliyomo. Baadaye kikaja kusomwa shuleni. Twadhani waliokikataza walihesabu maneno wasisome hadithi. Maana hadithi yenyewe ni onyo kwa kila mzazi adhaniye kwamba kiboko ni kungwi. Kitabu kilichofaa kusomwa kwanza na akina baba kilikuwa kimefichwa kwa watoto.

Na asiwepo mtu wa kutuambia kwamba kuandika mambo ya namna hii ni desturi ya Kizungu. Mwana Kupona wa Pate alimtungia binti yake utenzi mwaka 1858, naye mgonjwa, akimfundisha mambo ya mke na mume kwa ufasaha ambao hata leo haumwaibishi mtu. Utenzi huo umesomwa na maelfu. Lakini tazameni ulivyojengwa: ni mama anayesema na binti yake. Msomaji mwingine huingia kama mgeni aliyeruhusiwa kusikiliza. Kifuniko kipo, na mfunuaji yupo.

7. Mashaka ya ndugu zetu

Padre mmoja mzee, tunayemheshimu sana, alitupinga kwa maneno haya: "Mkifungua mlango kidogo, utafunguka wote. Mtoto asiyejua hatamani." Neno hili lina uzito, na si la kuchekwa. Ni kweli kwamba mtoto wa miaka saba haambiwi aliyoambiwa mwali, na mwalimu apendaye kusema yote kwa wote ana upungufu wa adabu, hata akiwa na shahada. Lakini mlango huu si sisi tuufunguao. Umekwisha kuvunjwa na wengine, wasiompenda mtoto. Tunaloweza kuchagua ni kama mtoto atasikia kwanza kwa mtu ampendaye au kwa mtu amtakaye.

Wengine husema kinyume chake: basi turudishe unyago wote kama ulivyokuwa. Nasi hatuwezi kukubali. Mwali wa zamani alitoka ndani akaenda kwa mume. Mwali wa leo anarudi darasa la sita. Mafundisho yaliyofanywa yawe mlango wa ndoa yakitolewa kwa mtoto wa miaka kumi na miwili bila kubadilishwa, humsukuma alipokuwa hataki kwenda. Na popote ambapo kisu kilimgusa msichana, sheria ya mwaka 1998 imekataza kumkeketa aliye chini ya miaka 18, nasi twasema hakuna namna ya kukipoza kisu hicho.

8. Mpaka

Basi mpaka uko wapi? Baada ya kukipima kitabu cha Ukaguru na vitabu vilivyoondolewa, twaona kwamba wote wanaogombana wanaulizana swali lisilo lenyewe. Wanauliza, "Neno gani lisemwe, neno gani lisisemwe?" Wazee wa jando hawakuuliza hivyo. Waliuliza, "Nani amwambie nani, lini, mahali gani, na baada ya kumwambia nini?" Bwana Beidelman ameyaandika maneno yao, lakini katika kuyapiga chapa ameyatenga na swali lao. Vitabu vya ng'ambo havikulijua swali hilo. Orodha ya mwaka 2023 haikuliuliza. Na sisi tusemao, "Someni wenyewe nyumbani," tumelikimbia.

Kwa waalimu wetu twatoa shauri fupi. Yako masomo ambayo wavulana na wasichana wasifundishwe pamoja, na wasichana wawe na mwalimu wa kike. Pasipokuwa na mwalimu wa kike aitwe nesi au mama mwenye heshima kijijini. Wazazi waambiwe kabla, tena waulizwe wao walifundwaje. Watashangaa kwamba mwalimu ametaka kujifunza kwao. Neno la wazi litangulie, neno la adabu lifuate, ili mtoto ajue adabu inafunika nini. Fumbo lisiachwe bila kufunuliwa siku ile ile. Na mtoto ajaye kusimulia jambo alilotendewa, hata akilisema kwa neno la barabarani, asiambiwe kwamba ametukana. Asikizwe kwanza, neno atasahihishiwa baadaye.

Na kwa makasisi twasema: kabla ya kukihukumu kitabu, kisomeni chote. Kabla ya kuukataza wimbo, mwulizeni bibi maana yake.

Mithali yetu yasema mficha uchi hazai. Watu huitumia kwa mambo mengi, kwa mgonjwa asemaye si mgonjwa na mdaiwa akanaye deni. Lakini waliotunga mithali ile walikuwa watu wenye adabu nyingi kuliko sisi, na hawakuona haya kulitaja neno hilo mbele ya watoto wao. Mwalimu yule wa Mikumi alitueleza kwamba tangu siku ile, kila afikapo penye ukurasa ule wa kitabu cha sayansi, hufunga mlango wa darasa, huwaketisha wasichana karibu naye, na huanza kwa kuwauliza bibi zao waliwaambia nini. Halafu, neno kwa neno, huwafunulia.